Pikapu ya Shule, na Mambo Niliyojifunza Chini ya Gari Kuukuu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze nanyi mchana huu, alinipa uhuru wa kuchagua habari yoyote, ila akaongeza mwishoni kwamba tafadhali isiwe habari ya ofisini. Nimeitii amri hiyo kwa furaha. Mtu aliyekaa na majalada juma zima hana hamu ya kuyabeba mpaka kwenye karamu. Kwa hiyo nitawaeleza kazi ninayoifanya siku za Jumamosi, kazi isiyokuwa na mshahara wala posho, ambayo imemlazimu mke wangu kuniwekea sabuni yangu peke yangu. Kazi yenyewe ni kutengeneza pikapu kuukuu.

Naona baadhi yenu mnacheka. Mnasema moyoni: huyu alipelekwa Mlimani akasome uchumi, mbona sasa analala chini ya gari? Nawaombeni subira, maana gari ninalotaka kulizungumzia mnalijua. Mlilisukuma.

Wote tuliopita shuleni hapa tangu miaka ya themanini mpaka mwanzoni mwa karne hii tunaikumbuka Land Rover ya shule, ile pikapu ya kijivu yenye inchi 109, yaani kama mita 2.77, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ilileta unga, ilileta kuni, ilipeleka wagonjwa hospitali, na siku ya michezo ilibeba timu ya mpira pamoja na mashabiki waliokatazwa kupanda. Wakati wa mvua za El Niño za 1997/98 lori la chakula lilikwama njiani, na shule ilibakiwa na unga wa siku moja. Mzee wetu dereva aliondoka alfajiri na pikapu ile, akarudi usiku ikiwa imetapakaa tope mpaka juu ya paa, na magunia yamefunikwa turubai. Akafanya hivyo siku tatu mfululizo. Nilikuwa kidato cha pili. Tulikula ugali, tukamshukuru Mungu na tukamshukuru dereva, lakini hakuna aliyelishukuru gari.

Kwa vijana waliopo hapa, naomba niseme kidogo kwa nini magari ya namna hii yaliheshimiwa. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Uingereza wakati huo ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa kipimo; kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haiozi kwa kutu. Chasisi, hata hivyo, ni ya chuma, na hiyo huoza sawasawa. Ndiyo maana mpaka leo utakuta Land Rover ambayo kwa juu inang'aa kama sahani, na kwa chini imeliwa kama gogo la mchwa. Mnunuzi asiyejua hutazama rangi. Anayejua huinama na nyundo ndogo, akagonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma na kusikiliza.

Baada ya Serikali kupeleka madaraka mikoani mwaka 1972, gari la namna hii ndilo lililokuwa ofisi ya kutembea ya watumishi wengi wa mikoa na wilaya. Kisha ikaja miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya spea ziadimike kabisa. Wazee wetu wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Gari likiharibika halikutupwa. Lilipandishwa juu ya mawe likasubiri. Ni katika miaka hiyo mafundi wetu walijifunza kukereza bushi kwa vyuma vya trekta, kukata gasketi kwa ngozi na makaratasi magumu, na kupandikiza jani la springi la lori katika gari dogo. Dar es Salaam watu walifunga mabenchi mawili nyuma ya pikapu, abiria wakatazamana kama walioketi mezani, na usafiri huo ukaitwa chai maharage. Wenzetu wa Kenya nao walibeba abiria katika pikapu na kuziita matatu. Kwa hiyo ubunifu wa kubadilisha pikapu si mchezo wa matajiri. Kwetu ulianza kwa shida.

Sasa nirudi kwenye pikapu yetu. Ilipochoka iliuzwa, nami nikaisahau. Mwaka 2016 nilikuwa nimehamishiwa mkoani humu, na siku moja nikiwa njiani kwenda Misigiri nilisimama kununua kuku. Mwenye nyumba akanizungusha nyuma, na kuku wenyewe walikuwa wanalala ndani ya Land Rover isiyokuwa na magurudumu. Mnajua sifa ya kuku wa Singida. Basi hao walikuwa wamepewa nyumba inayowafaa. Nikazunguka nyuma ya gari, nikaona upande wa ndani wa mlango wa kushushia mizigo umejaa majina yaliyochorwa kwa msumari. Nikaanza kusoma. Jina la tatu lilikuwa langu.

Nilihesabu majina 23. Wanne kati ya wenye majina hayo wako katika ukumbi huu. Sita ninaowajua wametangulia mbele ya haki. Nilinunua kuku wawili na gari moja, na niliporudi nyumbani nilieleza habari za kuku kwanza.

Kazi ilichukua miaka miwili, kwa sababu mtumishi wa Serikali hutengeneza gari kwa kipimo cha tarehe ya mshahara. Nilipata fundi, kijana wa Iramba aliyemaliza darasa la saba na kujifunzia kazi chini ya mti, katika gereji ya mjomba wake. Kwanza tulitenganisha bodi na chasisi, tukakata sehemu zote zilizooza na kuunga vyuma vipya vya unene ule ule. Springi tulizifungua jani moja moja, tukasugua kutu na kupaka grisi. Drumu za breki zilipelekwa kukerezwa. Gia boksi ilibadilishwa beringi na sili tu; ilikuwa nzima kuliko sisi. Fundi alitaka kusawazisha mlango wa nyuma na kuupiga rangi. Nilimkatalia. Akanitazama kwa huruma, akauacha na majina yake.

Tatizo likawa injini. Injini yake ya asili ya petroli, ya lita mbili na robo, ilikuwa imepasuka bloku. Nikaamua kufunga injini ya dizeli ya Nissan, aina ya TD27, iliyotumika. Mabadiliko haya yanafanywa sana, nayo yana faida: dizeli ina nguvu katika mwendo mdogo, na haina plagi wala pointi za kusumbuliwa na vumbi na maji. Lakini injini ngeni haikai kwa kuisukuma tu. Lazima ichongwe sahani nene ya chuma ya kuiunganisha na gia boksi, na tundu zake ziwe sawa kabisa, maana zikipotoka kidogo tu klachi italia na beringi zitakufa. Lazima viegemezi vyake vichomelewe upya, na rejeta iwe kubwa zaidi. Hayo yote tulifanya vizuri. Pikapu ikawaka, majirani wakatoka nje, nami nikajiona mhandisi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini ndipo palipo na maana ya mazungumzo yangu.

Breki za gari lile husaidiwa na chombo ambacho mafundi wanakiita busta. Chombo hiki hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Katika injini ya petroli mvuto huo hupatikana bure, kwa sababu kwenye njia ya hewa kuna kibao kinachofunga unapoondoa mguu kwenye mafuta, na injini inabaki kunyonya kama mtu anayefyonza mrija uliozibwa. Injini yangu ya dizeli haikuwa na kibao hicho. Hewa iliingia wazi wakati wote, kwa hiyo hakukuwa na mvuto wa kutosha. Injini kama hiyo huwa na pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta. Altaneta tuliyokuwa nayo ilitoka kwenye gari la petroli, na pampu hiyo haikuwapo.

Fundi aliona. Aliniambia, "Bosi, hii altaneta haina pampu. Busta haitafanya kazi. Tusubiri nyingine." Nikamjibu kwamba tutaifunga mwezi ujao, na kwa sasa aunge bomba la busta kwenye njia ya hewa ya injini. Akasema haitasaidia. Nikamwambia mimi ndiye mwenye gari.

Hiyo ilikuwa Julai 2019. Jumamosi iliyofuata nilipakia mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja, nikaondoka na mwanangu wa miaka 14 kwenda Shelui. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba baada ya Misigiri unauteremka mlima wa Sekenke mpaka kwenye bonde la Wembere. Kanyagio la breki lilikuwa gumu tangu tulipotoka, nami nikalizoea, kama mtu anavyozoea jino linalouma kidogo.

Mzee dereva wetu alitufundisha kanuni moja: teremka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Niliikumbuka na nikaifuata. Zamani pikapu ile yenye mzigo ingepanda Sekenke kwa gia ya pili. Kwa injini mpya ingepanda kwa gia ya tatu, kwa hiyo nikateremka kwa gia ya tatu. Sikuitambua hila iliyokuwamo. Kile kibao kilichokosekana, kilichoninyima mvuto wa busta, ndicho pia kinachoifanya injini ya petroli izuie gari mteremkoni. Kwa hiyo nilikuwa nimeongeza nguvu ya kwenda, na wakati huo huo nimepunguza nguvu ya kusimama mara mbili, kwenye breki na kwenye injini.

Walimu wa fizikia waliopo watanisahihisha, lakini nadhani tulifundishwa hapa hapa kwamba mzigo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara mbili, na mwendo ukizidi mara mbili, kazi hiyo huzidi mara nne. Katikati ya mteremko nilianza kunusa lainingi zikiungua. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likaendelea kama halina habari nami. Gia ya pili ilikataa kuingia. Nilimwambia mtoto ashike mbele yake, nikavuta breki ya mkono, ambayo katika Land Rover hushika propela na si magurudumu. Ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikapunguza mwendo kidogo. Kisha nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Likakwaruza, likapanda, likasimama limeinama. Mifuko ya saruji ilipasuka, nasi tukawa weupe kama mizimu.

Mwanangu alivunjika mtulinga. Mimi sikuumia kitu.

Watu walikusanyika, na swali lao la kwanza lilikuwa, "Fundi gani aliyelitengeneza gari hili?" Pale hospitali wakauliza hivyo hivyo. Nikataja jina la fundi. Sikusema uongo, ni kweli ndiye aliyelitengeneza. Lakini sikuongeza lolote, nikaacha watu wamalizie wenyewe. Mtu mwenye digrii na suruali iliyopigwa pasi ana bahati hiyo: akinyamaza, watu humpa haki.

Majuma matatu baadaye nilipita gerejini kwake. Mahali palipokuwa na magari matano pana moja, na hilo lilikuwa la mjomba wake. Alikuwa amekaa juu ya tairi. Akanisalimia kwa adabu, akauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Hakuuliza jingine. Kisha akaingia ndani, akatoka na altaneta yenye pampu. Alikuwa ameitafuta na kuinunua kwa fedha zake, siku mbili kabla ya safari yangu, akanisubiri niilete pikapu. Sikuwa nimempitia.

Ndugu zangu, katika kazi yangu nimeandika ripoti nyingi, na najua jinsi kosa linavyoweza kuandikwa mpaka likakosa mwenyewe. "Ilionekana kwamba", "haikuwezekana", "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo". Siku ile sikuwa na karatasi ya kujifichia. Nilikwenda mnadani, siku ambayo madereva na wafanyabiashara wa vitunguu wote wapo, nikamwomba mwenye kipaza sauti anipe nafasi, nikaeleza kwamba fundi alinionya, na mimi ndiye niliyekataa. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Kumbe na wasomi nao!" Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu ya dakika tano, nayo iliyarudisha magari gerejini. Mwanangu pia nilimweleza nyumbani. Yeye alisema alikuwa anajua, kwa sababu siku ile ya mazungumzo yetu na fundi alikuwa ndani ya gari, akiandika jina lake kwenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo sasa majina ni 24.

Tulilitengeneza upya. Lina pampu yake, lainingi mpya, na drumu zilizokerezwa. Kadi ya gari pia tuliirekebisha, maana namba ya injini imo katika kadi, na injini ikibadilika kadi nayo haina budi kubadilika. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani tangu 1973, na hakuna sababu ya kujifanya hatuijui. Nimeteremka Sekenke mara kadhaa tangu hapo. Nateremka kwa gia ya pili, na malori yananipita.

Kwa wale wanaotaka kuanza shughuli hii, nina ushauri wa mambo manne tu. Kwanza, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, au magogo imara. Pili, anza na breki na usukani kabla ya injini, maana gari lisilowaka halijapata kuua mtu barabarani. Tatu, ukiongeza majani ya springi, kumbuka kwamba hukuongeza uwezo wa ekseli, wala tairi, wala breki. Umeondoa tu ile dalili ya kuinama iliyokuwa ikikuambia kwamba mzigo umezidi. Nne, fundi wako akisema "tusubiri", msubiri.

Sasa nina ombi, Ndugu Mwenyekiti, na ndilo lililonileta mbele. Wakubwa wetu waliosoma miaka ya sabini, baada ya Azimio la Musoma la 1974, wanakumbuka shule za sekondari zilivyopewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Baadaye mambo hayo yalififia, na tukakua tukiamini kwamba mwenye kalamu ndiye mwenye akili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imerudisha jambo hilo kwa jina la mkondo wa amali. Ni jema. Lakini amali haifundishwi ubaoni.

Nataka kuirudisha pikapu hii shuleni. Siitoi ili ibebe unga. Imebeba vya kutosha. Naitoa iwe chombo cha kufundishia: wanafunzi waifungue, waifunge, waikosee, waifungue tena. Fundi wangu amekubali kufika Jumamosi mbili kila mwezi, ikiwa uongozi wa shule utaridhia. Nafahamu hana cheti cha ualimu. Nami nina vyeti vinne, na mmekwisha kusikia vilinifikisha wapi.

Kinachopungua ni vifaa: seti mbili za spana, stendi nne, jeki ya tani tatu, na banda lenye sakafu ya saruji. Saruji naahidi kuileta mwenyewe, mara hii kwa safari mbili. Hivyo vingine nawaachia ninyi. Daftari la michango liko mezani kwa Katibu. Kabla ya kuandika, naomba mpite nje kwanza. Pikapu iko chini ya mwembe, na mlango wa nyuma nimeushusha. Kila mwenye jina lake aende akalisome, na wale ambao wenzetu hawapo tena, tuwasomee.